Uyoga Uliolala Njiani

Kapu lilifika Jumamosi saa tatu asubuhi, ilhali lilipaswa kufika Alhamisi. Ukitaka kujua balaa la siku ile lilianzia wapi, lilianzia hapo, ingawa mwenye balaa angekuambia lilianza wiki sita nyuma, siku mafua yalipomwachia na kuondoka na kitu kisicho chao.

Mwenye balaa watu walimwita Pua. Si kwamba alikuwa na pua kubwa. Alikuwa nayo ya kawaida, hata ndogo kidogo kwa uso mpana kama ule. Jina alilipata shuleni, bwenini, alipokuwa akipita katikati ya vitanda na kutaja nani kaficha mkate sandukuni, nani kaficha ndizi, na ndizi zenyewe kama zimeiva au bado. Alipokua, pua ile ikampa kazi. Aliajiriwa kwenye ghala la chai kuwa mwonjaji, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa akisimama kila asubuhi mbele ya safu ya vikombe vyeupe. Huchota kijiko, huivuta chai kwa mlio ambao mezani kwa watu ungemtia aibu, huizungusha mdomoni, huitema kwenye ndoo, kisha husema neno moja au mawili. "Moshi." "Hii ilikaa karibu na ukuta wenye unyevu." "Hii nzuri, msiiguse." Karani huandika, magunia huenda yanakoambiwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza amejuaje.

Basi mafua yalipokwisha alirudi kazini mzima wa afya, akainamia kikombe cha kwanza, akakuta maji ya moto. Cha pili, maji ya moto. Cha kumi na nne, maji ya moto. Ulimi ulimwambia chungu, ukamwambia kali, basi, ukanyamaza. Harufu haikuwepo kabisa. Alisema "nzuri" mara kumi na nne, akaenda chooni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hakumwambia mtu. Hapa simtetei. Mtu mzima, mwenye mke mwalimu na watoto wawili shule ya bweni, akiogopa hufanya mambo ambayo angemchapa mwanawe kwa kuyafanya. Alimwambia karani wake kwamba wakati umefika naye ajifunze, kwa hiyo awe anaonja kwanza. Karani, mama wa makamo mwenye nyusi nene, alifurahi akidhani anapandishwa cheo. Kumbe Pua alikuwa anazisoma nyusi zake. Zikikutana, chai ina kasoro. Zikitulia, chai salama. Rangi aliiona kwa macho, na yaliyobaki alibuni. Kwa wiki tano nyusi za karani zilimbeba mgongoni. Wiki ya sita karani aliumwa siku moja, na siku hiyohiyo Pua akapitisha magunia arobaini yaliyokuwa yamelala karibu na pipa la dizeli. Mnunuzi aliyarudisha yote. Mkuu wa ghala alimshika Pua begani akamwambia, "Kuteleza si kuanguka." Kisha akaongeza kwamba Jumatatu wanunuzi wanakuja wenyewe kukaa mezani, na Pua ataonja mbele yao, wa kwanza, peke yake.

Ndiyo maana Jumamosi ile alikuwa anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alikuwa amefagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikuwa ametoa balbu nzima sebuleni na kuweka balbu nyingine nzima. Alifungua friji, akaitazama, akaifunga, na baada ya dakika mbili akairudia kana kwamba friji ingekuwa imepata wazo jipya. Mkewe alikuwa kwenye semina ya walimu tangu Alhamisi na angerudi jioni. Nyumbani alibaki yeye na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja wiki tatu zilizopita kupumzika, baada ya kulazwa hospitali kwa ajili ya tumbo. Daktari alimwambia ale vyakula vyepesi, vya siku hiyohiyo, visilale. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, aliyekohoa kidogo kabla ya kuingia chumba chochote ambacho mkwewe yumo. Pua naye hakutoka chumbani bila shati. Waliishi nyumba moja kwa uangalifu kama watu wawili waliobeba kioo. Akimpa chai, mama alisema ni nzuri. Akimpa uji, mama alisema ni mzuri. Katika wiki tatu hakuwahi kulalamikia kitu chochote, na mkewe Pua alikuwa amemwonya mapema: "Mama yangu hata ukimpa jiwe atakuambia limeiva. Hasa wewe."

Sasa honi ya lori ikalia nje ya geti.

"Pua! Njoo uchukue mzigo wako kabla sijautafuna mwenyewe!"

Alikuwa Dereva, rafiki yake wa tangu bwenini. Walikuwa watatu kwenye kona ile ya bweni: yeye, Dereva, na yule ambaye siku hizi ni bwana shamba huko milimani, mwendo wa siku nzima kwa lori. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, Bwana Shamba hupanda nyuma ya vilima kutafuta uyoga unaoota kwenye vichuguu. Uyoga huo haupandwi, sokoni haufiki, na ukichomoza hukaa siku nne au tano tu, ukapotea mpaka mwaka mwingine. Bwana Shamba huufunga kwenye majani ndani ya kapu, Dereva hulibeba kapu chini ya kiti chake, na Pua hula. Bei yake ni moja. Akishakula, Bwana Shamba hupiga simu na kusema, "Haya, sema!" Naye Pua humwambia uyoga ulitoka upande wa jua au wa kivuli, uliota baada ya mvua kubwa au manyunyu, ulichumwa asubuhi au jioni. Miaka yote hiyo hajakosea hata mara moja, na Bwana Shamba huwasimulia majirani zake huko juu kwa fahari, utadhani pua ni yake.

"Lori lilitufia njiani," Dereva alisema akimkabidhi kapu. "Tumelala siku mbili tunangoja spea."

"Lakini uko salama?"

"Mimi au uyoga?"

"Uyoga."

"Asante kwa kunijali." Dereva alicheka. "Sijui, ndugu yangu. Mimi tangu juzi nanusa dizeli tu. Wewe ndiye Pua bwana, nusa."

Pua akafunua majani. Akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa mbwembwe zilezile za kila mwaka. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama kunusa sahani iliyooshwa.

"Safi kabisa," alisema.

Neno lilikwisha kutoka, na alipogeuka alimkuta mama mkwe amesimama kizingitini. Mama hakukohoa mara hii. Alikuwa anatazama kapu.

"Uyoga wa kichuguu huo?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka wa nane huu sijautia machoni," alisema mama mkwe. Kisha kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba kitu kikubwa, "Utapika leo?"

Unamjibuje mama mkwe swali kama hilo? Pua alimjibu kwamba atapika, tena kwa mikono yake mwenyewe, mchana huu huu. Dereva akapiga honi mara mbili akaondoka, na Pua akabaki na kapu mikononi.

Jikoni aliumwaga uyoga wote kwenye sinia. Macho hayakumsaidia. Uyoga ule huwa na rangi ya kahawia tangu kuzaliwa, na kahawia huficha mengi. Akaubonyeza mmoja mmoja. Mingine ilikuwa migumu. Mingine ilikuwa na utelezi chini ya kofia, lakini utelezi unaweza kuwa umande wa majani. Alitupa saba kwenye ndoo ya taka, akafikiri, akarudisha minne, akafikiri tena, akatupa miwili. Alikuwa anatokwa jasho. Njia rahisi ilikuwepo: amwambie mama mkwe kwamba, kwa bahati mbaya, umeharibika, autupe wote yaishe. Lakini alikwisha sema safi kabisa, na mama alisikia. Na kama ni mzima kweli? Atupe mbele ya macho ya mama kitu alichokikosa miaka minane, na mama aulize umeharibikaje, baba, mbona mimi sisikii? Halafu amwambie nini Bwana Shamba?

Bwana Shamba mwenyewe akapiga simu wakati huohuo, kama aliyetajwa.

"Umefika?"

"Umefika."

"Nimetembea saa nne kwenda na nne kurudi, nakuambia! Trekta limepita vichuguu vyote, kimebaki kimoja karibu na mto. Mwakani sijui kama kitakuwepo. Kwa hiyo kula polepole, bwana, usimeze kama dawa. Saa nane nakupigia, useme!"

"Haya."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Nimeshika sinia," Pua alisema, akakata.

Akachukua uyoga mitatu, akaifunga kwenye gazeti, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la mwanamke mmoja mnene, mcheshi, asiye na siri hata ya kwake mwenyewe. Pua alisubiri mteja mmoja aondoke, kisha akafungua gazeti juu ya kaunta.

"Hebu nusa hapa uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Unasikiaje harufu yake."

Mwenye duka alimtazama yeye, akautazama uyoga, akapasuka kicheko kilichosikika mpaka kwa fundi baiskeli. "Jamani! Mganga amekuja kutibiwa na mgonjwa! Pua mzima unaniuliza mimi?"

"Nusa tu, dada yangu."

Akanusa. Uso wake ulijikunja kidogo, Pua akauona ukijikunja, lakini mara mwenye duka akagundua anatazamwa, akautengeneza. "Unanitega wewe. Unataka nikosee ukanitangaze. Uyoga wenyewe mimi siujui, sijawahi kuula. Una harufu yake hiyo, nadhani ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo, au umeharibika?"

"Mie nitajuaje? Wewe si ndiyo kazi yako?"

Pua alinunua kiberiti ambacho hakukihitaji, kwa kuwa jiko lake ni la gesi na lina kiwashio, akarudi nyumbani. Uso ule uliojikunja ulimfuata njia nzima. Je, ulijikunja kwa uozo au kwa ugeni? Kuna watu hujikunja hata kwa jibini. Alisimama getini, akageuka nusu kama anayerudi dukani, akageuka tena. Fundi baiskeli akamuuliza kama amepoteza kitu. Alimjibu hapana.

Saa sita akaanza kupika. Alikata kitunguu, akatia mafuta, kitunguu kilipobadilika rangi akatia uyoga, akatia chumvi. Akautazama ukinywea kwenye sufuria. Zamani wakati kama huu mate yangemjaa mdomoni, harufu ingemshika shingoni na kumvuta. Sasa alikuwa anatazama tu vitu vya kahawia vikitembea kwenye mafuta. Uchungu wa jambo hilo ulimjia ghafla, mwiko mkononi, akausikia kifuani kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Alikuwa ameikosa dunia yote na alikuwa anajifanya ipo.

Sebuleni akasikia dirisha likifunguliwa. Kisha la pili.

Alichungulia. Mama mkwe alikuwa ameketi kitini, ncha ya mtandio imefika karibu na midomo yake.

"Kuna shida, mama?"

"Hapana, baba. Joto tu."

Nje kulikuwa na mawingu na upepo uliokuwa unazipeperusha nguo kambani. Pua alirudi jikoni, akasimama mbele ya sufuria, akapata wazo la kuunguza. Angeuacha uungue, aseme simu ilimchelewesha, aombe radhi, mama angesema haidhuru. Akaongeza moto. Akahesabu. Akafika thelathini, na kikohozi kidogo kikasikika mlangoni, na mama mkwe akaingia na sahani mbili mkononi, safi, amezifuta kwa kitambaa.

"Umeiva, naona," alisema. Akanyoosha mkono, akapunguza moto.

Waliketi mezani wakitazamana kwa pembeni, kama kawaida yao. Mama alinawa, akamshukuru Mungu, akachota kijiko cha kwanza. Alitafuna. Uso wake haukusema kitu. Pua, ambaye kwa wiki sita alikuwa anakula mshahara kwa kusoma nyusi za mtu mwingine, alizisoma nyusi za mama mkwe wake akakuta hazina maandishi. Uso ule ulikwisha kuzika mume, ulikwisha kuwakaribisha wageni wasiopendwa, haukuwa wa kusomwa na mtoto wa juzi.

"Mtamu, mama?"

"Mtamu, baba. Ahsante kwa kunipikia."

Kijiko cha pili. Pua akatia kipande kinywani mwake. Ulimi ulimletea chumvi kwanza. Kisha, nyuma ya chumvi, ukamletea uchachu. Alisimamisha meno. Hakutia ndimu, hakutia nyanya. Uchachu ule haukuwa na sababu ya kuwepo.

Kijiko cha tatu kilikuwa kinapanda.

Sema, alijiambia. Lakini akisema, atasema amejuaje sasa asichokijua alipolifunua kapu, na mama atauliza, na saa kumi na moja binti yake ataingia na begi lake la semina na kuambiwa. Na Jumatatu. Wanunuzi wanne kwenye viti, vikombe vyeupe, mkuu wa ghala na tabasamu lake. Miaka kumi na tisa. Watamwita nani, ikiwa Pua hana pua? Nani atatembea saa nne mlimani kumtafutia chakula mtu ambaye kwake chakula chote ni matope yenye chumvi? Huenda uchachu ni wa ulimi wake tu, huenda ulimi nao unakufa. Labda vijiko vitatu havimdhuru mtu. Labda.

Mama akameza cha tatu. Koo lake lilipanda na kushuka, na macho yakajaa maji kidogo, akayapepesa yakakauka. Akachota cha nne. Akala.

Alipochota cha tano, Pua alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. Alinyoosha mkono, akaipokonya sahani ya mama mkwe wake mbele ya uso wake, jambo ambalo hata kulisimulia ni aibu.

"Usile, mama! Usile. Umeoza. Nadhani umeoza. Sijui. Mimi sisikii harufu, mama, sisikii kitu, wiki sita sasa, hata nikiingiza pua kwenye pilipili. Nilisema safi kwa sababu... Nisamehe. Tema, mama."

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Akaufuta mdomo wake kwa kitambaa, pembe moja, kisha nyingine.

"Umeoza, baba," alisema. "Tangu ulipofunua majani pale nje."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na pua yangu?"

"Wiki ya kwanza niliyokuja niliunguza maziwa, nyumba nzima ikanuka. Ukanywa, ukasema maziwa ya leo matamu. Nikasema, ananistahi tu. Jumanne ukaacha gesi wazi, moto haujawaka. Umesimama palepale unamenya chungwa na kupiga mluzi. Niliingia nikafunga, ukanisalimia."

Pua aliikumbuka Jumanne hiyo. Alikumbuka alimwambia shikamoo, akaona ajabu mama kuingia jikoni bila kukohoa. Akageuka kulitazama jiko.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Mkwe amfuate mkwewe amwambie huna pua? Nilingoja useme. Nikaona husemi. Leo nikamwona rafiki yako na kapu lake, nikasikia ulivyosema safi, nikasema basi, leo leo. Akiniona naugua, atasema." Alikunja kitambaa mara mbili. "Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawakusema ni kifo cha nani. Binti yangu analala humu ndani, baba."

Pua aliiweka sahani mbali na mama. Alikuwa na haya kiasi cha kutaka sakafu ifunguke, na chini ya haya hiyo, jambo la ajabu, mabega yake yalikuwa mepesi. Alitaka kuuliza swali moja na aliliogopa.

"Na kama nisingesema?"

"Ningemaliza sahani," alisema mama mkwe.

Aliisema kama mtu anayetaja saa. Pua alijua anasema kweli.

Hapo ndipo mahangaiko yalipoanza upya, na haya yalikuwa na miguu. Alimletea maji, akamletea maji mengine. Akamuuliza kama tumbo linauma. Mama akasema halijambo. Akachukua sufuria nzima akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba, paka wa jirani akaja mbio mkia juu, akanusa, akampa Pua jicho la lawama, akaondoka taratibu. Pua akarudi ndani akauliza tena tumbo. Halijambo. Akasema waende zahanati sasa hivi. Mama akasema zahanati wataenda kufanya nini, kuonyesha tumbo lisiloumwa? Akazunguka meza. Akakiinua kiti kilichoanguka, akakiangusha tena kwa kiwiko. Akauliza mara ya tatu.

"Utanitia ugonjwa kwa kuniuliza," mama alisema. "Simu yako inaita."

Ilikuwa saa nane kamili. Pua aliitazama simu ikitetemeka mezani ikijisogeza kuelekea ukingoni. Aliichukua.

"Haya, sema!" Bwana Shamba alipaza sauti. Nyuma yake palisikika watu wakicheka; bila shaka alikuwa amewakusanya majirani wasikilize. "Upande wa jua au wa kivuli?"

"Watoe hao watu kwanza," Pua alisema.

Pakawa na mchakacho, mlango ukafungwa. "Kuna nini?"

"Uyoga ulilala njiani siku mbili. Umefika umeoza. Nami nimeupika, nikampa mama mkwe wangu, akala vijiko vinne. Sikujua, ndugu yangu. Harufu zimenipotea tangu yale mafua. Wiki ya sita leo. Nimekudanganya hata wewe, ile asali ya mwezi uliopita nilikuambia ni ya maua ya mparachichi, nilibuni tu. Kazini nimedanganya. Mke wangu hajui."

Pua aliitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika. Alikuwa anajiandaa kupokea hasira za rafiki yake. Saa nne kwenda na nne kurudi si mchezo.

"Mama anaendeleaje?" hatimaye Bwana Shamba aliuliza.

"Anasema hajambo."

"Mpeleke zahanati hata kama anasema hajambo. Jumatatu usionje kitu, mpigie mkuu wako leo. Mkeo akiingia mwambie kabla hajavua viatu, ukingoja avue utapata kisingizio, nakujua." Kisha akashusha sauti. "Na wewe je, unaendeleaje?"

Swali lilikuwa dogo. Ni salamu tu, watu huulizana njiani bila kusimama. Lakini kwa wiki sita hakuna aliyemuuliza Pua swali hilo kwa maana yake, maana hakuna aliyekuwa ameambiwa kuna la kuuliza. Alifungua mdomo kusema salama. Kilichotoka kilikuwa kilio, kilio cha mtu mzima, kibaya, chenye makamasi, mbele ya mama mkwe wake, na simu ikiwa hewani. Aliegemea ukuta akalia kwa ajili ya chai, kwa ajili ya kitunguu kwenye mafuta, na kwa ajili ya mkewe, ambaye asubuhi hizi zote amemlalia shingoni asisikie harufu yake.

Mama mkwe aligeuza kiti, akatazama dirishani, akampa nafasi. Bwana Shamba naye hakukata. Hakusema pole wala nyamaza, alikuwepo tu, akipumua huko juu milimani.

Kilio kilipopungua, Pua alijifuta kwa mkono wa shati, akamwambia rafiki yake atampigia baadaye. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba begani, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza kwa nguvu kuliko kawaida, na jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Twende, baba," alisema. "Tumbo limeanza."